Kariakoo Bila Kuumbuka

Uchagani Krismasi haiendwi mikono mitupu. Desemba iliyopita nilitinga Mtaa wa Kongo, Kariakoo, na shilingi 150,000. Nauli ya Moshi, kwenda na kurudi, niliiacha nyumbani makusudi. Pale wamachinga wanakuita "bosi" mpaka unaamini!

Mkononi nilikuwa na karatasi: mama, doti ya khanga, baba, shati, wapwa zangu, madaftari, maana Januari hiyoo. Khanga nilisoma maneno kwanza, nisije nikampelekea mama mafumbo. Redio moja ilinisimamisha. Nikaitazama karatasi, nikapita.

Nilitoka na 38,000. Siku ya Krismasi mama akajifunga khanga yake, akaninong'oneza, "Nauli ya kurudi unayo?"

Usicheke, msomaji. Mwaka uliotangulia nilimkopa yeye.