Mpira Ukitua Karibu na Kiboko

Wasomaji wangu, poleni kwa ukimya. Nilikuwa nyumbani Mutuka, na wale mliowahi kufika Babati mnajua kwamba mtu akienda nyumbani msimu wa mahindi harudi siku aliyoahidi. Nimerudi na matope kwenye viatu na habari ya gofu. Ndiyo, gofu. Msicheke kwanza.

Habari yenyewe inaanzia mbali kidogo na Mutuka. Miaka michache iliyopita, nikiwa na miezi mitatu tu kazini, mwandishi wetu wa michezo aliugua siku ya Ijumaa. Mhariri akaangaza macho chumba kizima, akaona mimi ndiye sina kazi. Kesho yake nikajikuta kwenye kiwanja kimoja cha gofu huku kaskazini, nimevaa viatu vya ngozi na tai, nikikimbiza watu wazima waliokuwa wakikimbiza kijipira. Chuo kikuu nilisoma nadharia za mawasiliano miaka mitatu, lakini hakuna aliyenifundisha kwamba katika gofu mwenye idadi ndogo ndiye mshindi. Niliandika habari nzima nikampa ushindi bwana aliyepiga mikwaju mingi kuliko wote! Mhariri aliikamata dakika za mwisho. Mpaka leo pale ofisini wapo wanaoniita Mzee wa Mikwaju.

Nikaona aibu, nikarudi kile kiwanja jioni moja ili nifundishwe. Aliyenifundisha ni kijana mbeba mifuko ya wachezaji, kedi wanavyowaita, na tulipoanza kuongea nikagundua ni wa kwetu kabisa, Babati. Alinieleza kwanza kwamba shimo si kile kitundu tu chenye bendera. Kitundu ni kidogo, upana wake sentimita 10.8. Shimo ni safari yote, kuanzia unapoupiga mpira mara ya kwanza hadi unapotumbukia. Akanipeleka kwenye shimo ambalo fundi hulimaliza kwa mikwaju mitatu. Katikati kulikuwa na korongo, kulia migunga yenye miiba, na upepo ulikuwa ukishuka kutoka Mlima Meru. Nilihesabu mpaka mikwaju kumi na mmoja nikaacha. Mipira miwili sijui ilikokwenda. Yule kijana alichukua fimbo, akatazama majani ya miti badala ya kutazama bendera, akapiga mara moja. Mpira ukalala karibu na kitundu kama mbuzi aliyefika nyumbani. Wakati naondoka akanipa mpira mmoja mkuukuu, umechubuka ubavuni, uwe kumbukumbu.

Tangu siku hiyo nimekuwa na ugonjwa wa kukusanya habari za mashimo magumu. Wengine hukusanya stempu.

Na yapo, jamani. Kule Florida, Marekani, kuna kiwanja cha TPC Sawgrass kilichofunguliwa 1980. Shimo lake la 17 ni fupi tu, lakini ile sehemu ya nyasi fupi yenye bendera, yaani grini, imezungukwa na maji karibu pande zote. Haikupangwa hivyo. Mchoraji wake, Pete Dye, alikuwa akichimba mchanga mzuri mahali pale ili autumie sehemu nyingine za kiwanja, akachimba, akachimba, mwisho likabaki shimo kubwa la kutisha, na mkewe Alice ndiye aliyetoa wazo la kuligeuza kuwa kisiwa. Mwaka 2005 Bob Tway, mchezaji wa kulipwa aliyewahi kutwaa ubingwa mkubwa, alitumbukiza mipira minne majini na kulimaliza kwa mikwaju 12. Mkwaju mmoja tu kunizidi mimi, nikipenda kujidanganya. Na mwaka 1998 ndege wa baharini alishuka akaudokoa mpira wa Steve Lowery uliokuwa umetulia salama kwenye grini, akaruka nao, akaudondosha majini. Waamuzi wakamruhusu aweke mwingine palepale, kwa kuwa kosa halikuwa lake.

Afrika Kusini nao hawakutaka kubaki nyuma. Kwenye kiwanja cha Lost City kule Sun City, shimo la 13 liliwekewa bwawa lenye mamba wa kweli mbele ya grini. Na katika jimbo la Limpopo, watu wa Legend walitengeneza shimo ambalo ulikuwa unaanzia juu ya mlima wa Hanglip na kufika huko kulikuwa kwa helikopta. Grini ilikuwa chini mita zipatazo 400, ikiwa imekatwa kwa umbo la bara la Afrika, na waliahidi dola milioni moja kwa atakayetumbukiza kwa mkwaju mmoja.

Mimi nitasema ninavyoona. Shimo la helikopta halinishtui. Hiyo ni hatari ya kununua, kama wanaolipa kiingilio ili watishwe. Mamba umemleta mwenyewe, umemjengea ukuta, unamlisha. Mashimo yanayonikosesha usingizi ni yale ambayo hakuna aliyeyachora. Watu walifika, wakafyeka nyasi, wakachomeka bendera, kisha wakagundua kwamba wenye eneo walikuwepo kabla yao.

Na hayo yako hapa kwetu Afrika Mashariki. Viwanja vingi vya bara zamani havikuwa hata na grini za nyasi, maana maji ya kumwagilia yalikuwa shida. Walitumia mchanga uliochanganywa na oili, wakaviita brauni, na kila kundi likimaliza lazima mtu aburuze kitu juu yake kuusawazisha mchanga kabla wengine hawajafika. Lakini uhondo wote uko Ziwa Victoria. Pale Kisumu, klabu ya Nyanza ilipata umaarufu duniani kwa kanuni yake ya enzi za mkoloni: mpira wako ukitua karibu mno na kiboko au mamba, unaruhusiwa kudondosha mwingine mahali pa salama, mradi usisogee karibu na shimo, na huongezewi mkwaju wa adhabu. Jinja, Uganda, viboko walikuwa wakipanda usiku kula nyasi za kiwanja, na asubuhi wachezaji wanakuta nyayo kama sufuria. Wakaweka kanuni: mpira ukitumbukia kwenye unyayo wa kiboko, uutoe bure.

Wazungu wengi huzisimulia kanuni hizi kama kichekesho cha baa. Lakini busara yake imo hata kwenye kanuni za leo za gofu duniani. Zilipoandikwa upya 2019, Kanuni ya 16.2 ilibakiza msamaha kwa mchezaji anayekabiliwa na mnyama wa hatari, kama nyoka wenye sumu au nyuki. Unasogea mpaka usalama ulipo, unadondosha ndani ya urefu wa fimbo moja, unaendelea. Ila miiba haina msamaha. Ukiingia kwenye migunga hiyo ni juu yako, na mimi ni shahidi.

Sasa turudi nyumbani. Babati mjini tuna ziwa letu dogo la maji baridi, na ziwa lile lina viboko tangu mababu. Mjomba wangu analima mahindi na mbaazi kwenye kipande jirani na maji. Mama alinituma nimpelekee unga na sukari, nikapanda bodaboda kutoka Mutuka. Nilimkuta amekaa kwenye dungu lake, kile kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia mazao, anafunga debe kwa kamba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwandishi. Umekuja kulala au umekuja kupiga picha?"

Nikalala. Katika mazungumzo ya kupoteza usiku nikamsimulia kanuni ya Kisumu. Nilidhani atacheka, na kweli alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanyamaza. Mjomba ana mguu wa kushoto usiokunja vizuri. Nilikuwa darasa la tatu, alitoka kuvua alfajiri, kiboko akaupindua mtumbwi. Wenzake walimtoa majini. Mguu ulipona kwa namna ulivyotaka wenyewe, na tangu hapo hakuingia tena ziwani, akawa mkulima. Katika familia hatulizungumzi sana jambo hilo.

"Huyo mwenye mpira," akaniuliza, "akishaona kiboko anasogea pembeni?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na hapotezi kitu?"

"Hapotezi."

"Na jioni anakwenda kwake kulala."

Sikuwa na la kujibu. Nikamweleza, kama msomi ninayejua mambo, kwamba na sisi tuna kanuni zetu za 2011, kifuta jasho kwa aliyeliwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Alisema anazijua. Alisema pia jasho la kufuta ni lile lililokwisha kutoka, na yeye anachotaka ni mahindi. Hata jina lenyewe halisemi fidia, kama mnalitazama vizuri.

Saa tano usiku tukawasikia. Mimi nimekulia Babati, sauti ya kiboko naijua, lakini kuisikia kutoka kitandani ni jambo moja na kuisikia ukiwa juu ya nguzo nne za miti ni jambo jingine. Mnyama yule anaweza kula kilo 40 za majani kwa usiku mmoja, na mahindi mabichi kwake ni kama sisi na pilau. Mjomba alipiga debe kwa mpigo wa taratibu, bila hasira, akimulika tochi chini ili kiboko aone njia ya kurudi. "Usimzibie njia ya maji," akaniambia, "hapo ndipo anapoua." Kisha akapiga upande wa kulia, akasubiri, akapiga tena. Nilikumbuka yule kijana wa gofu akitazama majani ya miti kabla ya kuinua fimbo. Mjomba naye alikuwa akisikiliza upepo. Walikuwa wawili, mmoja akageuka mapema. Wa pili alikaa muda ambao kwangu mimi ulikuwa wa kusali.

Asubuhi tulishuka kuhesabu hasara. Mistari minne ilikuwa imeliwa, mingine miwili imelazwa. Mjomba alisema huo ni usiku mzuri. Udongo ulikuwa na unyevu, nyayo zimechorwa vizuri, kila moja na vidole vyake vinne. Ule mpira mkuukuu hukaa ndani ya begi langu siku zote, basi utoto ukanishika, nikautoa nikaudondosha ndani ya unyayo mmoja. Ukazama, haukuonekana mpaka nilipoinama. Nikapiga magoti nikautazama. Kutoka pale hakuna fimbo duniani ambayo ingeutoa, hata ungekuwa nani.

Nikamwita mjomba aje aone. Nikamwambia, unaona, hapa Jinja ningeruhusiwa kuutoa bure.

Alisimama juu yangu, ameegemea jembe, mguu wake wa kushoto ameunyoosha pembeni.

"Basi utoe," akasema, "tuyainue haya yaliyolala kabla jua halijapanda."