Bandari za Chicago: Arubuni Hulipwa Barafu Ingali Ziwani

Mgeni afikaye Chicago, Marekani, katika mwezi wa Januari hukuta bandari za mashua zikiwa karibu tupu. Ziwa Michigan limeganda kingoni, magati yamefunikwa theluji, na vyombo vimenyanyuliwa kwa winchi na kuwekwa nchi kavu. Hata hivyo, ndicho kipindi ambacho wenye mashua hujishughulisha na mikataba ya nafasi za kufungia vyombo vyao. Atakayengoja jua la Mei ndipo aulizie nafasi, huenda akaambiwa kuwa zimekwisha.

Ziwa hilo lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 58,000. Ni dogo kuliko Ziwa Victoria, lakini asimamaye ufukweni Chicago haoni ng'ambo yake. Kando ya mji zimejengwa bandari kumi za mashua za starehe, kuanzia Montrose upande wa kaskazini hadi Jackson Park upande wa kusini. Zote ni mali ya mamlaka ya bustani za umma za mji, na kwa jumla zina nafasi zipatazo 6,000. Msimu wake huanza tarehe 1 Mei na kumalizika tarehe 31 Oktoba.

Nafasi hizo hazilingani. Katika bandari ya Monroe, iliyo mbele ya maghorofa ya katikati ya mji, vyombo hufungwa kwenye maboya, na mwenye chombo huvushwa kwa mashua ndogo mpaka akifikie chake. Katika bandari ya 31st Street, iliyofunguliwa mwaka 2012, vyombo hufungwa kwenye magati, na mtu hutembea kwa miguu mpaka chomboni. Nafasi ya boya kwa kawaida ni nafuu kuliko ya gati, na malipo hupimwa kwa futi za urefu wa chombo.

Majira ya kuchipua yafikapo, vyombo hutoka katika yadi zilizo kando ya Mto Chicago kuelekea ziwani. Milingoti ni mirefu, hivyo madaraja ya katikati ya mji huinuliwa kwa siku maalumu, aghalabu Jumatano na Jumamosi. Magari husimama, waenda kwa miguu husimama, na matanga hupita moja baada ya jingine. Watu wa pwani yetu hawashangai kuona chombo kikingoja majira yake. Babu zetu walipokea majahazi ya Arabuni na Bara Hindi kwa upepo wa kaskazi, wakayaaga kwa kusi. Chicago, badala ya pepo, barafu ndiyo ipangayo kalenda.

Hapa ndipo linapoingia neno tulilolirithi kutoka Kiarabu: arubuni. Katika bandari nyingi za Amerika ya Kaskazini, mwenye chombo hutoa sehemu ya malipo miezi kadhaa kabla ya msimu ili ashikiwe nafasi, kisha hukamilisha baki kabla ya chombo kuingia. Mikataba mingi hueleza kuwa baada ya tarehe fulani arubuni hairudishwi. Mwenye bandari ana hoja yake: nafasi iliyoshikwa kwa ajili ya mmoja amenyimwa mwingine. Naye mteja ana hoja yake: kati ya Januari na Mei mtu huweza kuugua, kupoteza kazi, au kufariki na kuwaachia mayatima deni.

Wanazuoni wetu walilijadili jambo hili karne nyingi kabla ya Chicago kuwapo. Wengi wao, wakiwamo wa madhehebu ya Shafii yaliyoenea Afrika Mashariki, hawakuikubali biashara ambayo muuzaji hubaki na arubuni pindi mnunuzi anapoghairi, kwa kuwa anachukua mali pasipo kutoa kitu badala yake. Imamu Ahmad bin Hanbal aliiruhusu, akitegemea habari ya nyumba iliyonunuliwa Makka kutoka kwa Safwan bin Umayya kwa ajili ya Sayyidna Umar (r.a.). Mwaka 1993, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, likikutana Brunei, liliikubali arubuni katika mauzo na katika ukodishaji pia, kwa sharti kwamba muda wa kungoja uwekewe mpaka, na kwamba biashara ikitimia arubuni ihesabiwe kuwa sehemu ya bei.

Masharti hayo yanahitaji maandishi. Mojawapo ya bandari za Chicago inaitwa DuSable, kwa jina la Jean Baptiste Point DuSable, mfanyabiashara mweusi aliyejenga makazi mdomoni mwa mto mwishoni mwa karne ya 18. Mwaka 1800 aliuza mali yake, na hati ya mauzo iliorodhesha nyumba, kinu, mabanda na mifugo. Kwa sababu iliandikwa, hadi leo inajulikana aliuza nini.

Ndugu msomaji, huenda usimiliki mashua maisha yako yote, lakini arubuni utailipa: kwa ukumbi wa harusi, kwa fundi wa samani, kwa chumba cha kupanga, au kwa safari ya Umra. Kabla fedha haijatoka mkononi, uliza mambo manne na yaandikwe. Je, fedha hii itahesabiwa katika bei? Mwisho wa kughairi ni tarehe gani? Mtoa huduma akishindwa, atairudisha lini? Na nafasi yangu akipewa mwingine aliyelipa kamili, arubuni yangu itakuwa ya nani?

Swali hili la nne ndilo linalosahauliwa zaidi. Aliyekwisha kulipwa na mteja wa pili hajapata hasara, na Mtume (s.a.w.) amemsifu mfanyabiashara anayekubali kumvunjia mwenziwe mauziano aliyoyajutia. Hata pale ambapo mkataba unampa haki ya kubaki na fedha, kumrudishia mgonjwa au mjane ni ihsani isiyomfilisi mtu. Nanyi mlio na kumbi, karakana na ofisi za safari, liandikeni jambo hilo katika risiti zenu kabla mteja hajauliza.