Muda wa Dawa Bawani

Januari moja nilikuwa safarini kutoka Toronto kwenda Nkwenda, wilayani Kyerwa, kumzika mama yangu. Nilikaa dirishani nikiitazama ndege yetu ikioshwa. Kwanza ilimwagiwa dawa ya moto, rangi ya chungwa, theluji ikayeyuka. Kisha ikaja nyingine ya kijani, nzito, ikatanda juu ya mabawa mfano wa mlenda.

Dawa hizo ni glikoli na maji. Ya kwanza huondoa barafu iliyopo, walakini ulinzi wake ni wa dakika chache. Ya pili huimeza theluji inayoanguka mpaka ichujuke, na theluji ikiwa nyepesi yaweza kulinda hata saa nzima. Muda huhesabiwa tangu kuanza kunyunyizwa dawa ya mwisho, wala si tangu kumaliza. Marubani wana jedwali lake, lakini jedwali hutoa kadirio, halitoi ahadi. Tarehe 13 Januari 1982, mjini Washington, ndege ya Air Florida iliruka dakika 49 baada ya kusafishwa, theluji ingali ikianguka. Ilikuwa na barafu mabawani, na makosa mengine pia. Ikagonga daraja, ikatumbukia katika mto Potomac. Watu 78 wakafa.

Foleni yetu ilikuwa ndefu, na theluji ikazidi. Hata rubani akatangaza kwamba muda umekwisha. Tunarudi kunyunyiziwa upya. Naungama kuwa nilimlaani moyoni. Ndege ya pili isingeningoja, wala kaburi lisingeningoja.

Ndipo nikamkumbuka marehemu mwenyewe. Alipoanika maharagwe uani hakutazama saa. Alitazama mawingu juu ya vilima. Majirani walimcheka akikusanya mkeka jua lingali likiwaka. Mara nyingine mvua haikunyesha kabisa, nasi watoto tukanung'unika kwa kuanika mara mbili. Hakujali. Maharagwe yakilowa, alisema, yataota.

Nilifika Nkwenda siku ya pili baada ya maziko. Ndugu yangu mdogo akaniuliza, "Kaka, ulikwama wapi?" Nikamweleza habari za theluji, na dawa, na rubani aliyerudi nyuma. Alisikiliza kimya. Kisha akainua macho kutazama vilima, akaniomba nishike upande wa pili wa mkeka.