NYAMBIZI NA NDEGE: UKIONEKANA UMEKWISHA, ILA KUNA MPAKA

Leo tuwaache mastaa wapumzike, tuongee gemu. Najua mtacheka: mtu yuko Kiomboi, maji makubwa ya karibu ni Ziwa Kitangiri, halafu usiku anaendesha nyambizi ya Wajerumani. Ndiyo hivyo. Silent Hunter III ni gemu la mwaka 2005, linakubali hata kompyuta iliyochoka.

Kama hujalicheza, jua kwamba kiboko ya nyambizi ni ndege. Nyambizi za Vita ya Pili ya Dunia hazikukaa chini ya maji muda wote. Injini za dizeli zinataka hewa, kwa hiyo unasafiri juu. Chini unatumia betri, unajikokota, na betri zikiisha lazima upande. Hapo juu ndipo ndege inapokukuta.

Mimi nacheza hivi. Mchana nazama, usiku napanda kuchaji. Mlinzi akipiga kelele kwamba kuna ndege, bonyeza C hapo hapo, mambo ya kuhesabu ziko ngapi achana nayo. Nyambizi inataka karibu nusu dakika kupotea. Ukishazama kata kona, maana rubani anaangusha bomu pale ulipopotelea. Ila kama imeshafika kichwani, usizame. Nyambizi iliyozama nusu haiwezi hata kujitetea. Baki juu, piga, yumba.

Kuna jamaa mmoja hapa mjini, jina nalihifadhi, yeye alikuwa hazami kabisa. Anasema ni uoga. Nikamwambia hata wenyewe walijaribu: Mei 1943 mkuu wao, Karl Dönitz, aliagiza nyambizi zipambane na ndege zikiwa juu. Zikapukutika, na Agosti agizo likafutwa.

Akaelewa, tena akapitiliza. Akasema, "Basi ukizamisha meli futa kila kitu. Mbao, maboya, watu. Ndege isikute alama." Neno "watu" alilitaja kama anataja mbao.

Wadau, kuna mtu aliyefanya hivyo kweli. Machi 13, 1944, kapteni Heinz-Wilhelm Eck wa nyambizi U-852 alizamisha meli ya Wagiriki, Peleus, kwenye Atlantiki. Akaogopa kwamba ndege zikiona mabaki zitamsaka. Wakayapiga risasi na mabomu ya mkono, na watu walikuwa wameshikilia mabaki hayo hayo. Walipona watatu tu, wakaelea zaidi ya mwezi mpaka wakaokolewa.

Eck akazunguka Afrika, akaja upande wetu wa Bahari ya Hindi. Mei 2, ndege za Waingereza kutoka Aden zikamkuta juu ya maji pwani ya Somalia. Nyambizi ikaumia, kesho yake ikakwama ufukweni, akakamatwa na watu wake. Vita ilipoisha alishtakiwa Hamburg. Akajitetea kwamba alikuwa anaficha alama. Mahakama ikakataa. Novemba 30, 1945 alipigwa risasi pamoja na maofisa wake wawili.

Sasa tazama hata kimbinu tu. Alikaa pale kama saa tano. Mtu anayeogopa ndege anakaa saa tano kwenye eneo la tukio? Kwa saa hizo angekuwa mbali sana, na usiku ulikuwa upande wake.

Nilimweleza jamaa yote haya. Akakaa kimya, kisha akauliza wale watatu walikunywa nini mwezi mzima. Swali hilo gemu haliwezi kukuuliza, kwa sababu ukizamisha meli unaongezewa tani tu na maisha yanaendelea.

Mimi bado nacheza, na bado nazama mapema. Lakini kujificha ni kuondoka wewe, siyo kuwaondoa waliokuona.

Haya, wewe ungekuwa kwenye ile nyambizi na kapteni akakuamuru upige, ungefanyaje? Dondosha komenti, matusi hapana.