Kicheko kwa Kiswahili, Machozi kwa Kiingereza

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Mshabiki sugu wa runinga humu nchini Kenya huikubali methali hii kwa sharti moja: aambiwe kwanza huyo mchezaji ameruhusiwa kuicheza ngoma ipi. Maadamu rimoti imo mkononi mwake, yeye ndiye hakimu, na hukumu zake hazikatiwi rufani.

Hukumu yake kuu ni hii: kwa miaka mingi, runinga iligawa kazi baina ya lugha kama baba mwenye upendeleo. Saa moja jioni Kiswahili kilivishwa suti na tai, kikatangaza ajali, ukame na vijembe vya wanasiasa. Baada ya hapo kilivuliwa suti, kikavikwa kofia iliyotoboka na kutumwa kuchekesha watu. Mapenzi yalikabidhiwa Kiingereza. Hata Wamexico, ambao tamthilia zao ziliigizwa kwa Kihispania, walifika Kenya wakibembelezana kwa Kiingereza cha kubandikwa, midomo ikiwa imekwisha kufumbwa ilhali sauti ingali inaapa kufa kwa ajili ya mpenzi.

Si kwamba mshabiki anakidharau kicheko. La hasha! Ukimtajia Vitimbi vya KBC, uso wake hukunjuka. Humkumbuka Mzee Ojwang', mume wa Mama Kayai, aliyekizungumza Kiswahili kwa lafudhi ya Kijaluo isiyo na doa. Aliyemwigiza, marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu. Katika nchi ambayo mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 jina na lafudhi viliweza kumponza mtu, mshabiki huona kuwa mzee huyo alihubiri umoja kuliko mikutano mingi ya hadhara, tena bila kudai posho.

Hata hivyo, ana dukuduku. Mbona lafudhi ikawa ndiyo kitambulisho cha kazi? Katika Papa Shirandula, kilichoanza Citizen mwaka 2007, bawabu anayemficha mkewe kazi yake ni Mluhya. Marehemu Charles Bukeko aliigiza kwa ustadi usio kifani, na mshabiki alicheka hadi mbavu zikamuuma. Lakini kicheko kilipotulia, alijiuliza ni lini meneja wa benki naye angepewa lafudhi.

Athari za mgao huo zilijitokeza mitaani. Kijana aliyethubutu kumposa msichana kwa Kiswahili sanifu aliulizwa iwapo anasoma taarifa ya habari. Lugha iliyozoeleka kutangaza maafa na kuvunja mbavu ilikosa mahali pa kusemea "nakupenda" pasi na mtu kuangua kicheko. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Ila hakuna katiba iwezayo kuipa lugha ruhusa ya kulia. Ruhusa hiyo hutolewa na watunzi.

Nao watunzi hawakulala. Tausi ilikwisha kuonyesha njia katika miaka ya 1990. Baadaye zikaja Selina mwaka 2018, Maria mwaka 2019 na Sultana mwaka 2022, na wapenzi wakaanza kusalitiana kwa Kiswahili pasi na haya. Je, mshabiki ameridhika? Kamwe! Sasa analalamika kuwa amenyimwa kisingizio. Zamani machozi yakimlengalenga alidai kuwa Kiingereza kimempiga chenga. Siku hizi kila neno humwingia moyoni, na watoto wanamtazama.

Malalamiko ya aina hii ni ya heri. Lugha inayoweza kumliza mtu mzima mbele ya wanawe imekwisha kufuzu mtihani ambao hakuna chuo kinachoutahini. Kilichosalia ni wanafunzi wa Kiswahili kushika kalamu, wamwandikie meneja wa benki mwenye lafudhi, na bawabu anayependwa kwa dhati.