Tulienda Idjwi Kuona Kahawa

Tulipanda boti asubuhi hapa Bukavu, tukiwa saba, kila mmoja na kikwembe chake juu ya baridi ya ziwa. Kwa mbali Idjwi inaonekana kama ng'ombe aliyelala. Ukikaribia, unaona milima imelimwa mpaka kichwani. Watu ni wengi, shamba la babu limegawanywa mara tatu, na mvua ikinyesha udongo unateremka ziwani, maji ya pembeni yanakuwa mekundu.

Miaka mingi watu wa kisiwa walivusha kahawa usiku kwa mitumbwi kwenda kuiuza Rwanda, sababu huku bei ilikuwa ya kulia. Upepo wa Kivu haumjui baba wa watoto. Mama aliyetupokea alituonyesha ziwa kwa kidevu tu: “Mume wangu yuko humo.” Kisha akaendelea kuchambua matunda.

Siku hizi kuna koperative na vituo vya kuosha kahawa. Tunda jekundu linachumwa, linamenywa siku ileile, linaoshwa, linaanikwa juu ya meza. Kilo sita au saba za matunda zinatoa kilo moja tu ya kahawa mbichi, kwa hiyo migongo ya wamama inajua hesabu hiyo kuliko sisi walimu.

Kilichotufurahisha zaidi ni shamba lenyewe. Migomba na migrevilea inaipa kahawa kivuli, na majani yake yanafunika udongo. Kwenye mitaro ya kukata mlima wamepanda tripsakumu; mbuzi wanaikula, na mavi yao yanarudi shambani. Lakini maganda ya kahawa tuliyakuta yamemwagwa kando ya mto, yananuka. Tulipouliza, walisema shimo la kuyaozesha limeanza kuchimbwa. Tuliliona: linafika magotini.

Jioni tukauliza nani anapokea pesa. Wakanyamaza. Wajane wanapokea wenyewe. Wenye mume, jina kwenye kadi ni la bwana. Mmoja akasema, “Sasa tungoje kufiwa ndipo tuandikwe?” Tulicheka, lakini hakikuwa kicheko kizuri. Wameomba majina mawili kwenye kila kadi. Mikutano miwili imepita bila jibu, wa tatu utakuwa kisha mavuno.

Tulirudi na mafungu mawili ya tripsakumu. Tutayapanda jumamosi kwenye mteremko nyuma ya shule, pale ukuta ulipoanza kupasuka. Mwenye jembe aje nalo.