Klimatizeri Haisikii: Nani Amegusa?



Mwezi wa tisa na wa kumi, mbele mvua haijaanza vizuri, kwetu Kolwezi joto linakaza. Nyumba za mabati zinakuwa sawa jiko. Zamani klimatizeri ilikuwa kitu cha wakubwa wa kazi. Leo unaiona hata katika nyumba za kawaida, mara nyingi ya mkono wa pili. Lakini wengi wanainunua pasipo kujua namna inavyotumika, na siku inapokataa kusikia, wanatafuta mtu wa kulaumu pahali pa kutafuta ubovu. Nimeliona jambo hilo katika jamaa yetu, na ndiyo sababu ninaandika.

Kwanza tuelewane juu ya termostati. Hiyo haitengenezi baridi, inatoa amri tu. Ukiandika 26, sonda ndogo yenye kuwa nyuma ya filtri inapima hewa inayoingia. Hewa ikifika 26, kompresa inaambiwa isimame. Joto likipanda tena, inaambiwa ianze. Mwaka 1883, huko Marekani, mwalimu mmoja wa Wisconsin, Warren Johnson, alipata hati ya termostati ya umeme ya chumba. Alikuwa amechoka kuona mtumishi akiingia kila mara darasani kuangalia joto. Tangu siku zile kazi yake ni ileile: kupima na kuamuru.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kuweka 16 hakuleti baridi mbio kuliko kuweka 24. Katika mashine ya kawaida, isiyokuwa ya inverta, kompresa inajua mambo mawili tu: kutumika ao kusimama. Ukiweka 16, itatumika muda mrefu zaidi na kula umeme zaidi, basi.

Sasa mambo ya kwa yaya wangu, katika komini ya Manika. Wana mtoto mchanga, na pia wanamlea kijana wa miaka kumi na mine, mtoto wa marehemu ndugu ya shemeki. Kila jioni waliweka 26. Kila usiku wa manane wanaamka, kuko baridi kama mwezi wa sita, na mtoto mchanga anakohoa. Asubuhi wanakuta maji chini ya mashine. Shemeki akakata maneno: "Ni huyu kijana. Usiku anachezaka na telekomande, kisha anarudisha namba." Kijana akasema: "Baba, mimi sikugusaka kitu." Hakuna aliyemsikia. Yaya aliponiita, walikuwa wamekwisha kuongea juu ya lori ya kumpeleka kijijini, na masomo yangekatika katikati ya mwaka.

Mimi nilitumika miaka mingi katika atelie ya umeme. Sikutaka kuingia katika maneno ya watu wawili. Nikasema: tuulize mashine kwanza.

Saa mbili ya usiku nikaweka 30, na chumba kilikuwa chini ya 26. Nikangoja. Nikasikia "tak" ndogo ndani ya mashine: amri ya kusimama imetoka. Nikamshika shemeki mkono, tukaenda nyuma ya nyumba. Sehemu ya inje ilikuwa ingali inanguruma, ventilateri inazunguka. Nikamwomba yaya azime kabisa kwa telekomande. Ndani pakawa kimya. Inje, kompresa ikaendelea vilevile, kama hakuna mtu aliyesema kitu.

Shemeki alisimama pale muda mrefu. Telekomande ilikuwa mkononi mwa bibi yake, na kijana alikuwa jikoni akisafisha masahani.

Tukakata umeme kwenye dijonkteri. Nikangoja, maana kondensateri inaweka umeme ndani hata kisha kuzima, na inaweza kukupiga vibaya. Kisha nikafungua, nikatoa waya yenye kwenda kwa kompresa, nikaweka multimetri juu ya relei. Relei ni mlango mdogo: amri ya termostati inaufungua na kuufunga. Pasipo umeme, ule ulipaswa kukatika. Multimetri ilionyesha karibu sifuri. Vidole vyake viwili vya ndani vilikuwa vimeungana kwa moto.

Kwa nini? Kompresa inapoanza inavuta umeme mara nyingi kuliko inapotembea. Kwetu umeme unakatika na kurudi, na nguvu yake inapanda na kushuka. Kila mara kunatoka cheche katika relei, mpaka siku moja vidole vinashikana. Na yale maji ya asubuhi? Shemeki alikuwa akizima kwa telekomande. Ventilateri ya ndani inasimama, lakini kompresa haisimami, na ndani kunakamata barafu. Asubuhi barafu inayeyuka. Mkono wa kijana haufanyi barafu.

Tulibadilisha relei kwa nyingine ya nguvu ileile, tukaongeza kifaa cha kulinda mashine, chenye kungoja dakika tatu kisha umeme kurudi. Mambo ya lori hayakusemwa tena. Shemeki si mtu wa maneno mengi. Jioni ile alimwita kijana, akamupa telekomande: "Kamata. Utakuwa unaiangalia weye." Kijana aliipokea kwa mikono miwili, akaenda kukaa. Yaya aliniambia kwamba usiku ule alilala mapema kuliko watu wote.

Kama yenu pia haisikii, fuateni njia hii, kutoka kwa kitu rahisi mpaka kwa kigumu:

Baridi ni kidogo, kompresa haisimami. Osheni filtri, na mavumbi ya inje pia. Hapa kwetu mavumbi ya barabara ni mengi. Fungeni milango. Mara nyingi termostati ni nzima, lakini mashine haina uwezo wa kufika ile namba.

Inasimama mapema, chumba kingali na joto. Angalieni kama sonda imetoka pahali pake na kugusa vyuma vyenye baridi. Inatokea sana kisha kuosha filtri.

Baridi inazidi namba. Telekomande nyingine zina sonda ndani yao. Ukiziacha karibu na dirisha penye jua, mashine inafikiri chumba chote kinaungua. Hiyo si sababu? Basi wekeni namba ya juu, ngojeni, kisha mwende kusikiliza inje. Ikiendelea kunguruma, zimeni kwenye dijonkteri na mwite fundi.

Vijana wenye kupenda ufundi, kupima ni vizuri, lakini musifungue kifuniko pasipo mtu anayejua. Na fundi akisema "gazi imeisha" mbele hajapima, mwombeni aonyeshe kwa manometri. Gazi ya klimatizeri hailiwi sawa mafuta ya motokari: inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, kuko pahali inapotokea, na pahali pale panapaswa kuzibwa mbele ya kutia nyingine. Asiyeonyesha tundu, musimlipe gazi.